Liondoe Jina Langu

Jumatatu, 4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwa binti yangu. Hali yako, na ya wifi, na ya watoto? Goti la wifi limetulia? Namwombea kila asubuhi, goti na yeye mwenyewe. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mjukuu ameota jino la pili na anamng'ata kila anayemsalimu.

Nimeona niandike badala ya kupiga simu. Nikiongea sana nakohoa, na nikikohoa wewe unapata nafasi ya kunikatiza. Karatasi haikatizwi.

Hospitali nimekwenda mara mbili. Daktari ni kijana mpole, ana kalamu tatu mfukoni. Alinipa kibomba nipulize ili kipimo chake kipande. Nikapuliza kwa nguvu zote alizonipa Mungu, hadi machozi yakanitoka. Akaniambia, "Vizuri mama, sasa anza." Nikamwambia, baba, nimeshamaliza.

Akaniuliza kwa siku navuta sigara ngapi. Nikasema sijawahi kuvuta hata moja. Akaandika. Akauliza tena, "Hata ujanani?" Nikasema mimi ni mtu wa kwaya. Akacheka, "Mama, nimetibu wanakwaya wengi." Ndipo binti yangu akamwambia kwamba mama yake ni mhudumu wa baa, miaka kumi na tisa. Daktari akaweka kalamu chini. "Basi amevuta," akasema. "Amevuta za watu wote."

Sikuja kulalamika kwa hilo. Mwenye kunipa mapafu anayajua. Nililonalo ni jingine.

Juzi napiga pasi, redio inazungumzia ule mpango wa halmashauri yenu wa kupiga marufuku sigara kwenye baa na mikahawa. Watu wanapiga simu. Mmoja anasema wavutaji wakavutie chooni kwao. Mwingine anasema mkipiga marufuku sigara, kesho mtapiga marufuku bia, keshokutwa mtatupangia saa ya kulala. Nacheka peke yangu. Halafu mtangazaji akasema amepata waraka wa wafanyakazi kumi na wanne wa baa moja, wanaopinga marufuku hiyo. Akasoma wa kwanza: mhudumu mkuu, aliyefanya kazi humo miaka kumi na tisa, anathibitisha kwamba moshi haujawahi kumdhuru kwa namna yoyote.

Mdogo wangu, pasi iliunguza shati la mkwe wangu.

Huyo mhudumu ni mimi. Jina langu lilisomwa lote, hadi la babu. Mimi sikumbuki kusaini karatasi yoyote ya moshi. Nimesikia mkutano wa wananchi ni tarehe 28. Naomba kabla ya siku hiyo uliondoe jina langu. Sikuombi kingine.

Msalimie mpishi, mwambie nimekumbuka matani yake.

Dada yako


Jumatano, 13 Machi

Dada yangu wa pekee,

Pole sana na kifua. Wifi yako anakusalimu. Goti lake likiona ndoo linauma, likisikia muziki linapona, kwa hiyo usilipotezee maombi. Watoto wazima. Mkwe wako mwambie shati nitamnunulia, na la mikono mirefu.

Sasa hili la redio. Dada, usipandishe presha bure. Ulisaini. Kwenye daftari la zamu, ukurasa wa tarehe 20 Februari, sahihi yako ndiyo ya kwanza, wenzako wamefuata. Maneno yalikuwa juu ya ukurasa, yamechapwa na karani wangu, kila mwenye macho angeyasoma. Hakuna aliyeshikwa mkono.

Naomba unielewe. Mimi sasa ni msemaji wa wenye baa wote wa hapa. Hao wa halmashauri wakipitisha kitu chao, wateja watavuka daraja. Ng'ambo ile ni halmashauri nyingine, huko wanavuta hadi sigara inaomba radhi. Mzee Kiko umemhudumia wewe mwenyewe meza ya dirishani miaka yote. Unadhani atakaa na glasi yake mkono mmoja, mkono wa pili aukalie? Atavuka, na wenzake sita watamfuata. Baada ya miezi mitatu nitafunga, na hao wenzako kumi na watatu uliokula nao jikoni utawatafutia kazi wewe, au kwaya?

Tena baa si chekechea. Anayeingia ni mtu mzima, anajua anaingia wapi. Wanaolia moshi wana migahawa yao ya maua mezani.

Jina lako siwezi kuliondoa. Wewe ndiye unayejulikana. Nikiliondoa, wengine wataanza kuuliza maswali, na waraka wote utakuwa takataka. Mambo haya ya sheria yana mpangilio wake, dada, ni marefu kwa mtu wa darasa la saba. Niachie mimi. Wewe meza dawa, lala, mbebe mjukuu.

Mdogo wako


Jumapili, 17 Machi

Mdogo wangu,

Nawasalimu nyote kwa amani. Natumaini mu wazima. Naandika nikiwa nimetoka ibadani, kwa hiyo jua kwamba maneno haya yamepunguzwa makali.

Darasa la saba ndilo nililoachia shule ili wewe uendelee. Tulimalize hilo hapahapa, sitalirudia.

Unasema maneno yalikuwa juu ya ukurasa. Juu ya ukurasa ule palikuwa pamebanwa ratiba ya wiki, kwa kibanio, imefunika nusu nzima. Nilikuwa nimeshaacha kazi. Jana yake nilikuletea barua ya daktari ofisini kwako, ukaisoma, ukasema "pole". Siku ile nilikuja kurudisha ufunguo wa kabati na kuchukua viatu vyangu. Nikapita mlango wa jikoni, nikakuta daftari mahali pake na kalamu imefungwa kwa uzi wake, nikasaini. Miaka kumi na tisa nikipita mlango ule nasaini kwanza ndipo navua mtandio. Mkono ulikwenda wenyewe. Nikacheka, nikamwambia mpishi, nitazame, nasaini kazi niliyoacha jana. Naye akacheka, akasaini chini yangu. Kumbe tulikuwa tunacheka ndani ya mtego wako.

Maana ule haukuwa usahaulifu wa karani. Mtu anayetaka watu wasome hafuniki maandishi.

Sasa nikwambie kuhusu moshi, kwa sababu hujawahi kuniuliza. Unasema anayeingia anajua. Anayeingia anatoka. Anavuta mbili, anakunywa tatu, anakwenda kwao. Mimi nilikuwa naingia kabla ya viti kushushwa na kutoka baada ya meza kumi na sita kufutwa, na katikati hapo nimepita na sinia usawa wa midomo ya watu. Yule fundi saa wa meza ya nne anajiona mstaarabu, akiniona anapuliza juu, kana kwamba moshi ukipanda hauna njia ya kurudi. Kila Jumamosi nilipanda kiti nikapangusa balbu. Kitambaa kilikuwa kinarudi na rangi ya chai kavu. Nilikuwa najiuliza, kama balbu ambayo haipumui inakuwa hivi, mimi ninayepumua nikoje.

Kwenye kwaya nilikuwa sauti ya kwanza. Mwaka juzi kiongozi akaniambia kwa upole nisimame mwisho wa mstari, karibu na dirisha. Nikadhani ni urefu wangu. Kumbe ni nywele zangu, ni gauni langu, ni hata kitabu changu cha nyimbo. Wenzangu walikuwa wameshaamua kwamba navuta kwa siri, wakawa wananiombea niache. Wameniombea miaka miwili, mdogo wangu, kwa dhambi ya wateja wako.

Na wewe huvuti. Hapo ndipo moyo wangu unapochemka. Hujawahi kuvuta, harufu yake huiwezi. Ofisi yako ina mlango wa kioo unaojifunga wenyewe, na feni ya kutoa hewa nje. Nilikuwa nakuletea chai, mikono yote imeshika sinia, nausukuma mlango kwa kiwiko, nawe bila kuinua kichwa unasema, "Funga haraka dada, moshi unaingia."

Kuhusu wale kumi na watatu, usinitishe nao. Mimi ndiye ninayejua nani kati yao anakohoa asubuhi.

Liondoe jina langu. Usipoliondoa, tarehe 28 nitakuja kuliondoa kwa mdomo wangu, mbele ya watu.

Dada yako


Ijumaa, 22 Machi

Dada,

Natumaini dawa zinasaidia.

Nimesoma barua yako mara moja, sitaki kuisoma tena. Mtego, eti. Mimi ndiye niliyekupa kazi ulipofiwa na mumeo. Wiki ileile, bila kukuuliza cheti. Hilo hukulipangusa na balbu zako?

Nikubali kidogo na wewe ukubali kidogo. Nitatenga kona ya wavutaji, kule nyuma, kwenye ujia wa kwenda jikoni. Nitaweka pazia la plastiki. Wanasheria wetu wanasema inatosha.

Tarehe 28 usije. Safari ni ndefu na hali yako si ya safari. Ukija ukasimama dhidi yangu mbele ya watu wanaonijua, tutakuwa tumemaliza, mimi na wewe. Kama huna neno la amani, usinijibu.

Mdogo wako


Jumamosi, 30 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Nakuuliza hali kwa sababu nimelelewa hivyo. Mimi nimelala siku nzima ya jana, leo nimeweza kukaa kitandani na kuandika.

Nilikuja. Hilo nadhani unalijua, lakini nataka nikueleze nilivyoona mimi, halafu nikuulize swali moja.

Tuliondoka na basi la alfajiri, mimi na binti yangu. Njia nzima nilirudia maneno yangu. Yalikuwa machache: mimi ndiye mhudumu huyo, sikuuambia mkutano huu chochote, moshi umenidhuru. Sentensi tatu. Binti yangu alinisikiliza kama mwalimu, akasema, "Mama, ukifika hapo kwenye umenidhuru, usiangalie chini."

Ukumbi wa halmashauri uko ghorofa ya tatu. Lifti imebandikwa karatasi inayosema mbovu, na karatasi yenyewe imeshachakaa. Nikaanza ngazi. Za kwanza ishirini na mbili nilipanda vizuri, nikapumzika. Za pili nilipanda nimeshika reli kwa mikono yote. Kwenye uwazi wa ghorofa ya pili miguu ilikataa. Mlinzi alikuwa mtu mwema, akaniletea stuli yake. Binti yangu akakimbia chini kwenda kununua maji, maana dawa ya kuvuta nilikuwa nimejipulizia na koo limekauka.

Nikabaki peke yangu. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi kwa ajili ya joto, vipaza sauti vinaleta kila neno ngazini. Nikamsikia mama mmoja muuguzi akisema amechoka kuandika ugonjwa uleule kwenye vyeti tofauti. Mtu akamwambia, "Dada, ukichoka kaa, wenzako tumekuja na kiu." Watu wakacheka. Dereva mmoja akasema yeye anavuta tangu ana miaka kumi na tano na ana watoto tisa, kwa hiyo wasimwambie habari za afya. Sauti ya kike ikamjibu, "Watoto tisa wamelelewa na moshi wako wewe au na mkeo?" Wakacheka zaidi. Hata mimi nilicheka, nikakohoa.

Ndipo ukatoka. Umevaa lile koti la kijivu, simu sikioni. Ukasimama kwenye reli ya juu, ukatazama chini. Mimi nikainua mkono. Nilikuwa natabasamu, Mungu ni shahidi, kwa sababu niliona kaka anayekuja kunishika mkono nipande. Sikufikiri hata kidogo kwamba tuna ugomvi. Ukashusha simu. Ukageuka, ukarudi ndani.

Kisha nikakusikia. "Ndugu mwenyekiti, nasoma ushahidi wa dada yangu mwenyewe, mhudumu wangu mkuu." Ukasoma. Sauti yako ni nzuri, tangu utotoni. Haujawahi kunidhuru kwa namna yoyote. Mwenyekiti akauliza, "Yupo ukumbini?" Ukasema, "Amepata udhuru wa kifamilia, lakini tupo naye kwa roho." Wakapiga makofi.

Nilikuwa ngazi ishirini na mbili chini yako. Nilisimama nipige kelele, sauti ikatoka kama ya paka mdogo. Binti yangu aliporudi na maji aliniona, na hajaniuliza mpaka leo nilikuwa nataka kusema nini.

Tulipofika juu walikuwa wanakunja viti. Karani alituambia mkutano umefungwa, uamuzi ni tarehe 12 Aprili, mwenye neno la ziada alilete kwa maandishi ofisini kwake.

Swali langu ni hili. Uliniona?

Dada yako


Ijumaa, 5 Aprili

Dada,

Nakuandikia kwa sababu wifi yako amekataa kula na mimi meza moja mpaka nikujibu. Natumaini unaendelea vizuri.

Nilikuona. Sitasema uongo, nimelelewa na wewe. Nilikuona umekaa kwenye stuli ya mlinzi umeshika kifua. Sasa nisikilize badala ya kuhukumu. Nilikutazama nikajua kwamba ngazi zile huzimalizi. Kifua chako nakijua, nimekisikia kwa miaka sita kikipiga filimbi kila unapobeba kreti kutoka stoo. Na kama ungejikokota ukafika, ungesimama mbele ya watu mia mbili huna pumzi ya kusema hata jina lako. Wangekucheka, kama walivyomcheka yule muuguzi. Nilikuepusha na aibu hiyo.

Mimi nami nilibanwa. Wenzangu wote waliokuwa mle ndani walikuwa wananitazama mdomoni. Ningesemaje? Mngojeeni dada yangu, yuko ngazini anakohoa, anakuja kuwaambia kwamba moshi haumdhuru? Hebu jiweke mahali pangu.

Sasa yamepita. Tarehe 12 watapiga kura, na tunavyohesabu sisi tutashinda kwa kura mbili au tatu. Baada ya hapo kila mtu atasahau. Njoo sikukuu ya watoto kufunga shule, tukae tule kama watu wa tumbo moja. Mpishi anakuuliza kila siku, na siku hizi ananijibu kwa mkato, sijui nani amemwambia nini.

Barua hii ichome.

Mdogo wako


Jumanne, 9 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu kwako, na kwa wifi, ambaye Mungu amlipe. Ninaandika nikiwa stendi ya mabasi ya mji wenu, karatasi nimeiweka juu ya mkoba, unisamehe mwandiko.

Barua yako niliipokea Ijumaa jioni kwa dereva wa basi. Niliisoma nimesimama. Niliposoma "nilikuona" nililia kidogo, nikaona basi, angalau amesema kweli. Nikataka kuikunja. Binti yangu akasema, "Mama, rudia pale chini." Nikarudia.

Miaka sita, mdogo wangu. Umekisikia kifua changu kikipiga filimbi miaka sita. Mimi mwenyewe nilikuwa nadhani ni uzee umewahi. Nilikuwa najificha stoo nikohoe usinione mgonjwa ukanihurumia, kumbe uko ndani ya kioo chako unanihesabia. Na siku ile hukuogopa kulisoma jina langu kwa sababu moja tu: ulijua sitafika. Ulisimama mbele ya watu mia mbili ukasema moshi haujanidhuru, na ujasiri wa kusema hivyo uliupata kwenye kifua changu kibovu. Kingekuwa kizima, ungenyamaza.

Nimekaa na jambo hili siku tatu kwenye maombi. Nilitaka nikusamehe kwanza, ndipo nifanye la kufanya, kwa sababu ndivyo tunavyofundishwa. Nimejaribu Jumamosi, nimejaribu Jumapili, jana nimefunga. Haikuja. Leo asubuhi nikaona tarehe 12 hainingoji mpaka moyo wangu ulainike, nikapanda basi.

Ofisi ya karani wa halmashauri iko chini kabisa, haina ngazi hata moja. Nilimwandikia zile sentensi zangu tatu, nikasaini, safari hii nikiwa nimesoma. Akaniuliza kama nina ushahidi wowote, maana waraka wa kwanza nao una sahihi yangu, na sahihi zote mbili zinafanana. Nikampa barua yako ya Ijumaa. Si nakala. Hiyohiyo, kwa mwandiko wako. Aliisoma hadi mwisho, akainuka, akafunga mlango, akaisoma tena. Akagonga muhuri wa kupokea juu yake. Alisema keshokutwa itawekwa mbele ya kila diwani.

Najua nilichofanya. Barua ya ndugu ni kitu cha ndani, na mimi nimekitoa nje. Wenzako watakutupa, na watu wa mtaani watasema nimemuuza mdogo wangu niliyembeba mgongoni. Huenda baa ikafungwa. Nitakutana na Mungu nalo hilo, na nitamwambia kama ninavyokwambia, kwamba nilikuomba mara mbili kwa upole.

Nilipita mbele ya baa nikija huku. Niliona kichwa chako kupitia kioo, umeinama. Sikuingia.

Mpishi ndiye atakayekupa barua hii. Amekuja hapa stendi na aproni yake, na yeye na wale wahudumu wawili wa zamu ya mchana wanatoka hapa kwenda kwa yule karani, kila mmoja na karatasi yake. Mimi sikuwaita. Usiwafukuze wakirudi. Kama lazima umkasirikie mtu, anwani yangu unayo.

Basi langu linaita.

Dada yako